Kanuni za kampeni chuoni: anzeni na mgombea asiye na kitu mfukoni

SWALI: Shikamoo wakili. Nasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Moshi, na nimeteuliwa kuwa mjumbe wa Tume ya Uchaguzi ya serikali ya wanafunzi. Mwaka jana uchaguzi wetu uliharibika. Mgombea mmoja wa urais aligawa chipsi mayai hosteli na kuwarushia watu bando. Mwingine mabango yake yalikutwa yamebandikwa juu ya matangazo ya idara, akaenguliwa siku moja kabla ya kura bila hata kuitwa ajieleze. Sasa tumepewa wiki tatu tuandike kanuni mpya za kampeni. Wenzangu kwenye Tume wanataka tuweke kikomo cha fedha, na faini kwa atakayekivuka, basi. Je, inatosha? Na yule aliyegawa chakula ameshaanza kusema atagombea tena. Tunaweza kumzuia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haitoshi, na hiyo faini naomba muifute leo leo.

Kikomo cha fedha kikisimama peke yake hamtaweza kukisimamia. Tume yenu haina mkaguzi wa hesabu. Haiwezi kuona miamala ya simu ya mtu. Mgombea atawaletea risiti mbili za stationeri zenye jumla ya shilingi elfu thelathini, mtazipokea, na kila mtu chuoni atajua kwamba alitumia mara kumi ya hizo. Faini nayo inamuumiza yule yule mliyetaka kumlinda. Mgombea mwenye pesa ataiweka kwenye bajeti ya kampeni kama anavyoweka bei ya mabango: nikikamatwa nalipa, naendelea. Yule anayesubiri bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, ndiye faini itamtoa kwenye kinyang'anyiro.

Kwa hiyo kila kanuni mnayotaka kuiandika iulizeni maswali mawili. La kwanza, inamsaidia mgombea asiye na kitu mfukoni asimame sawa na mwenye nacho? La pili, ikivunjwa, mwanafunzi wa kawaida anayepita njiani anaweza kuona kwa macho yake kwamba imevunjwa? Kanuni isiyopita maswali hayo iacheni, hata kama inasomeka vizuri kwenye karatasi. Kanuni isiyosimamiwa inawabana waaminifu peke yao.

Jambo la chipsi mayai lina historia ndefu kuliko chuo chenu, na ni vizuri wenzako kwenye Tume waijue kabla hamjaanza kubishana. Mwaka 2000 Bunge liliibadili Sheria ya Uchaguzi ya nchi, likaweka kifungu kilichosema kwamba ukarimu wa kawaida au wa kimila unaofanywa kwa nia njema hautahesabiwa kuwa rushwa. Hiyo ndiyo takrima. Wagombea wakapika pilau, wakagawa kanga, wakanunua pombe, na kila aliyeulizwa alijibu kwamba ni ukarimu wa Kiafrika. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika mengine mawili walikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 Mahakama ikakitangaza kifungu hicho kuwa kinapingana na Katiba. Sababu zake ndizo ninazotaka mzishike. Mahakama iliona kwamba takrima inawabagua wagombea wenye kipato kidogo mbele ya wenye kipato kikubwa, na inamwondolea mpiga kura uhuru wa kuchagua amtakaye. Iliona pia kwamba hakuna mstari unaoeleweka kati ya ukarimu na rushwa. Miaka minne baadaye ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, inayowataka wagombea na vyama waeleze fedha zao zimetoka wapi na zimetumika vipi.

Sheria hizo hazisimamii uchaguzi wa wanafunzi. Ninyi mnaongozwa na katiba ya serikali yenu ya wanafunzi na taratibu za chuo, chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005. Lakini hoja ya Mahakama inawahusu moja kwa moja. Mkianza kuandika "zawadi ndogondogo zinaruhusiwa" au "chakula cha kawaida si kosa", mtakuwa mmeirudisha takrima kupitia mlango wa nyuma, na mtatumia siku zote za kampeni mkijadili kama soda ni ndogo au kubwa. Andikeni hivi: kuanzia siku ratiba ya uchaguzi inapotangazwa hadi matokeo yanapotangazwa, mgombea, mpambe wake au mtu yeyote kwa niaba yake hatampa mpiga kura fedha, chakula, kinywaji, vocha, bando, usafiri wala kitu kingine chenye thamani, kwa ajili ya kampeni. Ukomo ni sifuri. Sifuri haihitaji mahakama ya kuitafsiri.

Mtaulizwa kuhusu misiba. Darasa likichangishana rambirambi na mgombea akatoa kama wenzake wanavyotoa, mwacheni, maana kumzuia mtu asimzike mwenzake ni ukatili. Kosa ni pale mchango unapotangazwa kwa jina la kampeni, au unapopelekwa na wapambe waliovaa picha yake. Vivyo hivyo mgonjwa akipelekwa hospitali ya KCMC usiku, hakuna anayemuuliza mwenye bodaboda kama anagombea. Andikeni mifano hii miwili ndani ya kanuni zenyewe, ili atakayekuja baada yenu asilazimike kubahatisha.

Sasa gharama. Badala ya kuhesabu fedha, hesabuni vitu. Fedha iko kwenye simu ya mtu, ila bango liko ukutani. Kila mgombea wa urais apewe idadi ile ile ya mabango, tuseme ishirini ya A3 na vipeperushi mia tatu vya A4 visivyo na rangi, na kila nakala igongwe muhuri wa Tume kabla haijabandikwa. Isiyo na muhuri inaondolewa na yeyote anayeiona, bila kesi. Wagombea wa uwakilishi wa kitivo au wa hosteli wapewe pungufu. Fulana na kofia zikatazwe kabisa, na hapa sitaki mlegee. Fulana hamsini kwa shilingi elfu kumi ni laki tano, na hakuna jambo hata moja ambalo fulana inamweleza mpiga kura kuhusu hali ya hosteli au kuchelewa kwa matokeo.

Mgombea atasema mabango ni ya bure, rafiki yake ana stationeri mjini. Kama mmehesabu vitu, hilo haliwasumbui: bure au ya kulipia, ni ishirini. Hii ndiyo faida kubwa ya njia hii. Na kama chuo kina mashine ya kudurufu, ombeni Tume ichapishe waraka mmoja wenye wagombea wote, kila mmoja na ukurasa wake wa ukubwa sawa, ubandikwe kwenye mbao zote na kila hosteli. Mgombea ambaye hakuweza kutengeneza hata bango moja atasomwa sawa na mwenzake. Kama Tume ina uwezo wa kufanya jambo moja tu mwaka huu, nachagua hilo.

Hapo Moshi wazo hili si geni. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kiliundwa mwaka 1933, na katika ushirika mwenye miti mingi ya kahawa na mwenye michache wanapiga kura moja moja kwenye mkutano mkuu. Chuo cha Ushirika kimekuwa kikifundisha hilo tangu 1963. Mkulima wa Kibosho au Machame angewaelewa haraka mkimwambia kwamba mnatafuta namna ya kuzuia pesa isiwe na kura ya pili.

WhatsApp ndiko uchaguzi unakoendeshwa siku hizi, na kanuni nyingi za vyuo nilizowahi kuletewa zinazungumzia mabango kurasa tatu na mtandao mstari mmoja. Tatizo la kwanza si matusi. Ni umiliki wa makundi. Mwakilishi wa darasa ndiye admini wa kundi ambalo kila mwanafunzi analazimika kuwamo, kwa sababu ratiba na kazi za kozi zinapitia humo. Akigombea yeye, au akimuunga mkono rafiki yake, ana redio yake binafsi. Anaruhusu tangazo la huyu, anafuta la yule, anafunga kundi lisijibu. Kwa hiyo makundi ya masomo yasitumike kwa kampeni za mtu yeyote. Mwakilishi anayegombea akabidhi uadmini kwa msaidizi wake siku anaporudisha fomu. Tume ifungue kundi lake la uchaguzi ambalo mtu anajiunga kwa hiari, na kila mgombea aweke humo ujumbe mmoja kwa siku wa urefu uliokubaliwa. Kwenye kurasa zake binafsi na status yake mgombea aachwe huru. Hamwezi kuzisimamia, na hamna sababu ya kuzisimamia.

Namba za simu ni jambo jingine. Msikubali mgombea yeyote apewe orodha ya namba za wanafunzi, iwe na ofisi ya usajili, mwakilishi wa darasa au serikali ya wanafunzi iliyopo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililofanya zikusanywe. Mwanafunzi alitoa namba yake apate matokeo na matangazo, hakuitoa apigiwe saa nne usiku aombwe kura.

Uongo na matusi vina sheria ya nchi tayari, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na sauti za kutengenezwa au skrinishoti za kughushi zinaweza kumfikisha mtu mbali kuliko alivyofikiri. Wakumbusheni wagombea hilo kwenye kikao cha kwanza. Ndani ya kanuni zenu itoshe kusema kwamba mgombea asisambaze jambo analojua ni la uongo kuhusu mwenzake, wala asimshambulie kwa jinsia, dini, kabila au ulemavu. Wagombea wa kike ndio wanaopigwa zaidi na maneno ya aina hiyo. Huulizwa nani anawalipia ada na wanalala wapi, maswali ambayo mgombea wa kiume haulizwi. Tume ikikaa kimya siku ya kwanza, hakuna msichana mwingine atakayechukua fomu mwaka ujao. Jibuni ndani ya saa chache, kwa maandishi, hadharani.

Halafu kuna jambo lisilopendwa kusemwa, waliomo madarakani. Waziri wa serikali ya wanafunzi anayegombea urais ana ofisi, ana muhuri, ana nafasi ya kusimama mbele ya wanafunzi wapya akitoa matangazo. Aachie shughuli zote za kuhutubia na kugawa huduma tangu fomu zinapotolewa, na vifaa vya serikali ya wanafunzi visionekane kwenye kampeni ya mtu. Rais anayemaliza muda wake asimnadi mgombea kwenye hafla za kiofisi.

Kuhusu yule aliyeenguliwa kwa sababu ya mabango: hata kama mabango yalikuwa yake, Tume ilikosea. Hakuna aliyeuliza nani aliyabandika. Njia rahisi ya kumwondoa mpinzani ni kuchukua mabango yake usiku na kuyabandika pasipotakiwa, kisha asubuhi kupiga picha na kuleta malalamiko. Kanuni inayosema "bango likikutwa mahali pasiporuhusiwa mwenye picha ataondolewa" ni silaha mnayompa mtu mbaya.

Kwa hiyo kila mgombea aandikishe wapambe wake kwa majina, watano au saba, nao wasaini kanuni pamoja naye. Wanachofanya hao, anawajibika nacho. Kwa wengine wote anawajibika pale tu inapothibitika kwamba aliwatuma, au alijua akanyamaza. Bango lililokaa vibaya apewe saa mbili za kuliondoa, na shauri liishie hapo.

Adhabu zipande kwa hatua: onyo la maandishi linalobandikwa ubaoni, kisha kuzuiwa kufanya kampeni siku moja au kunyang'anywa nafasi kwenye mdahalo, na mwisho kuenguliwa. Kuenguliwa kubaki kwa makosa machache yaliyotajwa kwa majina: kumpa mpiga kura kitu, kutishia au kupiga, kughushi nyaraka za uchaguzi, na kurudia kosa baada ya onyo la pili. Anayedai au kutoa rushwa ya ngono kwa ajili ya kura au cheo, suala lake liende kwa Mlezi wa Wanafunzi na TAKUKURU, taasisi ya nchi ya kupambana na rushwa, halimalizwi kwenye kikao cha Tume.

Na hakuna adhabu bila kusikilizwa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inasema mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kingine ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ya kukata rufaa. Tume yenu ni chombo kingine. Mlalamikaji alete maandishi ndani ya saa 24 tangu tukio, akitaja nani, lini, wapi, na ushahidi gani. Mlalamikiwa apewe nakala na saa 12 za kujibu. Tume ikae, iamue, iandike sababu japo mistari mitano. Rufaa iende kwa watu tofauti kabisa na waliotoa uamuzi, wasiozidi watatu, mmoja wao mwalimu aliyekubaliwa na wagombea wote kabla kampeni haijaanza. Malalamiko yanayoletwa usiku wa kuamkia kura yasimwengue mtu usiku huo. Pigeni kura, kisha msikilize. Mahakama zetu zikisikiliza kesi za uchaguzi huuliza kama kasoro iliathiri matokeo. Nanyi ulizeni hivyo. Mgombea aliyeshinda kwa kura mia sita haondolewi kwa bango moja.

Mengine ni mepesi. Kampeni siku tano hadi saba zinatosha, ziishe saa 24 kabla ya kura. Muda wa nchi wa mikutano ya kampeni, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, unafaa hata chuoni, ingawa wenye vipindi vya jioni watataka nyongeza ya saa moja. Hakuna spika hosteli wala karibu na maktaba. Kampeni ya chumba kwa chumba iruhusiwe mpaka saa tatu usiku, mgombea na wapambe wasiozidi wawili, na mwenye chumba akisema hapana, ni hapana. Msikitini, kanisani na kwenye vikundi vya ibada pasiwe na kampeni. Vyama vya siasa vibaki nje, pamoja na rangi zao, fedha zao na viongozi wao wa wilaya. Kila mgombea aondoe mabango yake ndani ya siku moja baada ya matokeo.

Mdahalo uwe wa lazima kwa wagombea urais na makamu, mahali ambapo mwenzenu anayetumia kiti cha magurudumu anafika bila kubebwa, na kama kuna wanafunzi viziwi, pawe na mkalimani wa lugha ya alama. Mpangilio wa kuongea uamuliwe kwa kuokota vikaratasi mbele ya watu.

Msiweke kanuni ya kuhakiki hotuba. Najua kuna wanaotaka Tume isome sera kwanza, kwa sababu kila mwaka anatokea mtu anayeahidi kuongeza bumu wakati viwango vinapangwa na Bodi ya Mikopo na Serikali. Tume ikianza kuchuja ahadi, itakuwa inachagua badala ya wapiga kura. Dawa yake ni mdahalo: mwanafunzi asimame aulize, utaiongezaje, kwa mamlaka gani? Wacheni mgombea ajibu mwenyewe mbele ya ukumbi.

Ratiba yenu ya wiki tatu ni fupi lakini inawezekana. Rasimu itoke wiki ya kwanza ibandikwe, wiki ya pili mpokee maoni, wiki ya tatu ipelekwe Bunge la wanafunzi ipitishwe kabla fomu ya kwanza haijatolewa. Kanuni iliyopitishwa baada ya watu kuchukua fomu itaonekana imeandikwa kumlenga fulani, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Kila anayechukua fomu apewe nakala nzima na asaini kwamba ameisoma.

Hilo linanifikisha kwa yule wa chipsi mayai. Ibara hiyo hiyo ya 13(6), aya ya (c), inakataza mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho alipokitenda hakikuwa kosa kisheria. Kwanza fungueni kanuni za mwaka jana. Kama zilikataza kugawa vitu na zilisema anayevunja hatagombea tena, basi yalitakiwa yaletwe malalamiko, asikilizwe, uamuzi uandikwe. Kama hayo hayakufanyika, hamna uamuzi wowote mkononi, mna simulizi tu. Hamuwezi kuandika leo kanuni inayosema aliyegawa chakula mwaka jana asigombee mwaka huu. Akija kuchukua fomu, mpeni kama mnavyowapa wengine, na nakala ya kanuni mpya asaini.